Uzi wa kondoo wetu: Manyoya ya bei rahisi ndiyo hukugharimu zaidi

Ingia duka lolote la nyuzi pale River Road uulize "wool". Utaonyeshwa vibonge vya kila rangi, laini, bei ya kawaida kabisa. Sasa soma kile kikaratasi kilichozungushiwa uzi. Mara nyingi utakuta kimeandikwa akriliki, yaani nyuzi za plastiki zinazotokana na mafuta ya petroli. Sisi tumezoea kuita kila uzi wa sweta "wool", hata ule ambao haujawahi kukutana na kondoo.

Kama huniamini, fanya jaribio dogo kwa keja yako. Kata kipande cha uzi, kishike kwa koleo juu ya sinki, kisha ukiwashe kiberiti. Sufu halisi huwaka kwa shida, hunuka kama nywele zilizoungua, na hubaki majivu meusi yanayosagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka, kisha huganda kuwa kijiwe kigumu. Ukishaona tofauti hiyo mara moja, huwezi kuisahau.

Mimi huuza ile inayonuka nywele. Nanunua manyoya ya kondoo Kinangop, yanaoshwa na kusokotwa na akina mama hukohuko, halafu naleta uzi mweupe Nairobi, napaka rangi kwa sufuria mbili na kuuza vitita vya gramu 100. Nina miaka 24. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, na kazi hii ndiyo hulipa kodi ya nyumba. Wasee wa ploti yetu waliniita "Kondoo" kwa miezi kadhaa, hadi dada zao walipoanza kuniulizia bei.

Wengi wanaonitumia ujumbe huuliza kuhusu rangi. Wanataka kujua ile waridi nimeitoa wapi, ama ile ya kahawia ni ya duka gani. Naelewa, rangi ndiyo hupendeza kwa picha. Lakini ukweli wa kazi hii ni kwamba faida ama hasara huamuliwa kabla hujaweka sufuria motoni. Huamuliwa shambani, siku unapokubaliana na mfugaji bei ya kilo.

Si kila kondoo ana sufu

Tuanze hapa kwa sababu hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Wale kondoo wekundu wa Kimaasai unaowaona ukielekea Kajiado wana nywele, hawana sufu. Yule mweusi kichwa mwenye mkia wa mafuta ni vivyo hivyo. Dorper, kondoo aliyetoka Afrika Kusini na ambaye kila mfugaji sai anamtaka, ni wa nyama. Mwili wake una mchanganyiko wa nywele na sufu fupi, na nyingi hujipukutisha yenyewe. Huwezi kutoa uzi wa maana hapo.

Kondoo wa sufu wanapenda baridi. Ndiyo maana utawakuta Kinangop, Molo, Mau Narok, Timau na sehemu za Laikipia. Merino ndiye mwenye sufu laini kabisa, ile unaweza kuvaa shingoni bila kujikuna. Corriedale, aliyezalishwa kwa kumchanganya merino na kondoo wa sufu ndefu, hutoa sufu ya wastani ambayo ni rahisi kusokota, nzuri kwa sweta na kofia. Romney Marsh ana sufu ndefu na ngumu kidogo, inafaa zulia na mikoba. Hampshire Down hufugwa zaidi kwa nyama, lakini sufu yake fupi hurudi kama springi ukiifinya, na soksi zake hukaa miaka. Kwa mashamba madogo ya ekari mbili tatu, wengi wao ni machotara, kwa hivyo ni lazima uangalie manyoya yenyewe wala usiulize jina la kondoo pekee.

Hawa kondoo wana historia ndefu hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi Lord Delamere aliagiza merino kutoka New Zealand hadi shamba lake la Njoro, na wengi wao wakafa. Walowezi wakaendelea kujaribu kwenye nyanda za juu, na baada ya uhuru wafugaji wadogo wakarithi kazi hiyo. Eldoret kulikuwa na kiwanda cha sufu cha Raymond. Kule Nanyuki, kikundi cha wanawake cha Nanyuki Spinners and Weavers kilianza 1977 kusokota sufu kwa mkono na kufuma mazulia.

Halafu mambo yakabadilika. Akriliki ikashuka bei, na miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, mitumba ikajaa. Ukiweza kupata sweta ya Sh150 Gikomba, nani atangoja kondoo anyolewe? Wanunuzi wa manyoya wakapungua.

Hapa ndipo kuna shida ambayo watu wa mjini hatuioni. Kondoo wa sufu lazima anyolewe, upende usipende. Asiponyolewa manyoya humlemea, hushika uchafu na wadudu. Kwa hivyo kama manyoya hayana mnunuzi, kunyoa inakuwa gharama tupu kwa mfugaji. Mzee ninayenunua kwake alinieleza vizuri siku ya kwanza.

"Kijana, zamani lori lilikuwa linakuja mpaka hapa kwa lango," alisema. "Siku hizi nikinyoa, manyoya natandikia mbwa. Mwaka ujao naleta Dorper, nimalizane na hii maneno."

"Mzee, na nikikununulia yote?"

"Kwa bei gani?"

Swali hilo ndilo biashara yenyewe.

Hesabu ya kilo 10

Wanaoanza hufikiria ujanja ni kununua manyoya kwa bei ya chini kabisa. Yaani kama mzee alikuwa anatupa, si umpe hata Sh100 kwa kilo na atashukuru? Wacha tupige hesabu pamoja. Nambari hizi ni mfano wa kukusaidia kufikiri. Bei za mahali pako zinaweza kuwa tofauti.

Tuseme umenunua kilo 10 za manyoya yaliyokusanywa ovyo kwa Sh100 kila kilo. Umetoa Sh1,000. Ukiyamwaga chini unakuta ya tumboni yaliyojaa mavi, ya miguu, kishona nguo kila mahali, na vipande vifupi vya mkasi uliopita mara mbili. Unatupa kilo 2. Zimebaki 8. Ukiosha, jasho, vumbi na mafuta ya kondoo vinaondoka na asilimia 45 ya uzito. Una kilo 4.4. Kwenye kuchana na kusokota unapoteza asilimia 15 nyingine kwa sababu ya vipande vifupi. Umebaki na kilo 3.74, sawa na vitita 37.

Sasa chukua kilo 10 za manyoya safi kwa Sh200 kila kilo. Umetoa Sh2,000, mara mbili. Unatupa nusu kilo tu, zimebaki 9.5. Ukiosha unapoteza asilimia 40, una kilo 5.7. Kuchana na kusokota kunakula asilimia 8, unabaki na kilo 5.24, yaani vitita 52.

Tofauti ni vitita 15. Ukiuza kila kimoja Sh1,200, hiyo ni Sh18,000. Toa ile Sh1,000 ya ziada uliyompa mfugaji. Toa malipo ya kusokota vitita hivyo 15 kwa Sh500 kila kimoja, Sh7,500. Toa rangi na gesi, Sh900. Umebaki na Sh8,600 ambazo yule wa bei rahisi hakuziona. Na bado sijahesabu siku mbili za kuketi ukichomoa kishona nguo kimoja kimoja mpaka vidole vinauma.

Kwa hivyo sisi tulikubaliana na mzee bei tatu. Manyoya ya mgongoni na ubavuni, marefu na safi, bei ya juu. Ya shingo na mapaja, bei ya kati. Ya tumbo na miguu sinunui, yeye huyaweka kwa mboji. Mwaka wa kwanza hakuona maana yake. Baada ya kunyoa na kulipwa, aliona kondoo wawili walio sawa wameleta pesa tofauti. Mwaka uliofuata alifyeka kishona nguo pembeni mwa boma, akanyoa asubuhi kondoo wakiwa wakavu, juu ya turubai badala ya mchanga. Wala sikumfundisha, bei ndiyo ilimwambia.

Unachoangalia shambani

Nenda na vitu vitatu: mizani ya kuning'iniza, rula na masikio yako.

Rula ni ya urefu. Kwa kusokota kwa mkono unataka manyoya ya angalau sentimita saba au nane. Mafupi zaidi ya hapo yanatoka kwa mkono.

Masikio ni ya nguvu. Chomoa kishungi kidogo, shika ncha zote mbili, kivute kwa ghafla karibu na sikio. Kikilia kwa mlio safi kama uzi wa gitaa, kiko sawa. Kikitoa sauti ya kukatikakatika, kuna mahali kondoo alikuwa mgonjwa ama alikosa malisho, na manyoya ya wakati huo ni dhaifu. Utasokota vizuri na kitambaa kitapasuka baadaye.

Angalia pia alama za rangi. Wafugaji wengine hupaka kondoo rangi ya mafuta ili wasichanganyike na wa jirani. Rangi hiyo haitoki. Muombe mfugaji atumie hereni za masikio, ama aweke alama kichwani.

Mwisho, mwangalie anayenyoa. Mnyoaji mzuri hupitisha mkasi mara moja na manyoya hutoka kama blanketi moja. Anayerudia rudia anakukatia vipande vifupi ambavyo vitakuwa vijidonge kwa uzi. Ukiweza, changia pesa ya mnyoaji mwenye ujuzi. Itarudi.

Kuosha: acha maji yafanye kazi

Jambo moja litakuokoa pesa nyingi: osha manyoya kule kule shambani. Kilo moja hula mitungi minne hadi mitano ya lita 20. Mahali maji ya kanju huja Jumanne na Ijumaa, kilo 10 zitakumaliza. Kinangop mvua ipo na matangi yapo. Tena ukiosha kule, unalipia matatu uzito wa sufu safi pekee, hulipii jasho na vumbi kusafiri hadi Nairobi.

Loweka kwanza usiku mzima kwa maji baridi ya mvua. Maji hayo ya kwanza hutoka kahawia kama chai na yana potasiamu ya jasho la kondoo, kwa hivyo shosho huyamwaga kwa sukuma wiki. Halafu yanafuata maji moto, kama nyuzi 60, na sabuni ya vyombo. Joto linahitajika kwa sababu mafuta ya kondoo, yanayoitwa lanolini, huyeyuka yakikaribia nyuzi 40. Maji yakiwa vuguvugu tu, mafuta yanarudi kushika tena na manyoya yanabaki yakinata.

Usikoroge. Usisugue. Usihamishe manyoya kutoka kwa maji moto hadi baridi ghafla. Kila unywele wa sufu una magamba madogo, na ukiuchezesha ndani ya maji moto magamba yanashikana. Dakika tano za kukoroga na umepata kapeti badala ya manyoya, na hakuna dawa ya kuyarudisha.

Mikono inayosokota

Baada ya kuosha na kuanika kivulini, manyoya huchanwa kwa brashi mbili zenye meno ya waya hadi nyuzi zote zielekee upande mmoja. Ndipo yaende kwa gurudumu la kusokotea. Anasokota uzi mmoja, wa pili, halafu anazisokota mbili pamoja kwa upande wa nyuma ili zisijikunje. Kitita kimoja cha gramu 100, kutoka kuchana hadi mwisho, kinamla mtu karibu siku nzima akiwa pia anapika na kukamua ng'ombe.

Ndiyo maana Sh500 ya kusokota ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Tazama kitita kimoja cha yale manyoya safi. Manyoya yenyewe ni kama Sh38. Usafiri Sh10. Maji, sabuni na kuni Sh40. Kusokota Sh500. Rangi, shabu na gesi Sh60. Lebo na mfuko Sh20. Hiyo ni Sh668. Jilipe wewe mwenyewe Sh200 ya kazi yako, inakuwa Sh868. Ukiuza Sh1,200 unabaki na Sh332 ya kodi, bando, meza ya sokoni na vitita vinavyoharibika.

Kila mtu anayekushauri upunguze bei, ukimfuatilia, atakuambia umpunguzie msokotaji. Mfugaji anapata Sh38, hapo hakuna kitu cha kukata. Rangi haikatiki. Kwa hivyo ni mama wa Kinangop atakatwa. Mimi nakataa, na si kwa huruma tu. Wanaojua kusokota vizuri hapo kijijini ni watano, na mdogo wao ana wajukuu. Siku mmoja wao ataona kuvuna viazi kunalipa kuliko gurudumu, nimefunga duka.

"Shosho, kwa nini binti zako hawajui hii kazi?" nilimuuliza mmoja wao.

"Walijua wakiwa wadogo, mjukuu wangu," akasema bila kuinua macho. "Lakini waliona mimi nasokota na hakuna anayenunua. Wewe ungejifunza?"

Sai mjukuu wake wa kike, aliyemaliza kidato cha nne, anasokota vitita viwili au vitatu kwa wiki. Bado uzi wake una mafundo, lakini kuna wateja wanaoupenda hivyo hivyo, na tunauandika kwa lebo kwamba ni uzi wenye mafundo.

Sasa rangi

Haya, tufike pale mlikuwa mnangoja.

Sufu haishiki rangi ya mmea vizuri bila kitu cha kuishikisha. Hapa tunatumia shabu, lile jiwe jeupe ambalo watu wa Pwani wanalijua sana. Lisage, pima gramu 100 hadi 150 kwa kila kilo ya uzi mkavu, yeyusha kwa maji moto, ingiza uzi uliolowa tayari, pandisha moto polepole hadi nyuzi 80 hivi, uache saa moja, kisha uzime. Uache upoe ndani ya maji hayo hadi asubuhi.

Nairobi imejaa rangi za bure. Maganda ya vitunguu unayapata Marikiti kwa magunia, na hutoa manjano hadi rangi ya machungwa. Kokwa na maganda ya avokado, ukiyachemsha saa moja na kuyalaza, hutoa waridi iliyopoa. Mama wa kibanda karibu na kwetu huniwekea kokwa kwa debe, nami humpelekea kofia za watoto wake. Gome la muwati hutoa kahawia. Maua na majani ya lile gugu lenye harufu kali linalojaa mashambani, ambalo Wakikuyu huliita mubangi, hutoa manjano ya kijani.

Laikipia kuna kisa kizuri zaidi. Dungusi kakati, ile mimea ya miiba iliyovamia malisho na kuumiza mifugo, imewekewa makusudi wadudu wadogo wa jamii ya koshinili ili waipunguze. Wadudu hao huonekana kama pamba nyeupe juu ya mmea, na ukiwaponda wanatoa wekundu. Kwa uzi wenye shabu wanatoa rangi kati ya waridi na zambarau. Mmea unaofukuza kondoo malishoni unaishia kupaka rangi manyoya ya kondoo.

Kuna mitego pia. Video nyingi zitakuonyesha bitiruti na manjano ya jikoni. Bitiruti inapendeza kwa sufuria, lakini haishiki sufu. Mafuo mawili matatu na imeisha. Manjano ya jikoni hushika haraka, halafu jua huichapa. Usimuuzie mtu rangi ambayo itamtoroka. Kabla ya kuuza rangi mpya, kata vipande viwili, kimoja uweke dirishani wiki mbili, kingine uweke kwa kabati, halafu ulinganishe.

Misumari yenye kutu ikilowekwa kwa siki hutoa maji ya chuma yanayogeuza manjano kuwa kijani cha jeshi. Tumia matone. Chuma kikizidi, sufu inakuwa kavu na kukatika.

Kwa rangi kali, kama buluu ya umeme ama nyeusi, natumia rangi za asidi za unga. Gramu 10 kwa kilo ya uzi zinatosha rangi ya wastani, pamoja na siki kidogo. Utajua imeiva maji yakibaki meupe kabisa, rangi yote imeingia kwa uzi. Vaa barakoa unapopima unga huo. Na sufuria ya rangi isirudi kupika ugali, hata mgeni akija ghafla.

Andika kila kitu kwa daftari: uzito wa uzi, gramu za rangi, joto, muda. Mteja akinunua vitita vinne vya sweta kisha arudi kutafuta cha tano, daftari ndilo litakusogeza karibu. Hata hivyo sufuria mbili hazifanani kamwe, kwa hivyo kila kitita changu kina namba ya sufuria. Mwambie mteja mapema anunue vya kutosha.

Nani ananunua

Si yule wa sweta ya shule. Huyo anahitaji akriliki na hakuna ubaya. Wateja wangu ni wa aina tatu. Kuna wasichana, na siku hizi wavulana, wa kroshia hapa mjini, wanaotengeneza kofia na mikoba na wanajua tofauti ya uzi. Kuna wageni na wakazi wanaotaka kitu cha Kenya ambacho si kikoi tena. Na kuna Wakenya walio ng'ambo kwenye baridi, ambao huomba jamaa akisafiri awabebee. Uzi ni mwepesi, haumwagiki, haupasuki. Mzigo mzuri wa sanduku.

Bei itakutoa jasho. "Buda, uzi Sh1,200? Si nitanunua jaketi nzima?" Nasikia hivyo kila Jumamosi. Sibishani. Namwonyesha lebo: kondoo wa wapi, amenyolewa mwezi gani, uzi una mita ngapi, rangi imetoka kwa nini, uoshwe vipi. Wengine wanaenda zao. Wengine wanauliza, "Kwani Kenya tuna kondoo wa sufu?" na hapo mazungumzo yanaanza. Mteja anayejua uzi umetoka wapi hurudi.

Piga picha mchana, karibu na dirisha. Taa ya usiku hudanganya rangi, na mteja akipokea kitu tofauti na picha atakuwa na haki ya kulalamika. Tumia laini ya Lipa na M-Pesa ya biashara ili pesa ya uzi isichanganyike na ya chapo. Na weka rekodi za mauzo. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia tatu kwa biashara ambazo mauzo yake yanapita Sh1 milioni kwa mwaka. Vitita 850 vinakufikisha hapo, na si mbali kama unavyodhani.

Kabla hujajitosa

Sitakudanganya kwamba hii ni ya kutoboa haraka. Kondoo hunyolewa mara moja kwa mwaka, kwa kawaida. Pesa yako inalala kwa manyoya miezi kadhaa kabla irudi. Wasokotaji ni wachache, na ukipata oda ya vitita 300 kwa mwezi utalazimika kuikataa. Ukianza kuchanganya akriliki kisirisiri ili kujaza pengo, mteja mmoja mwenye kiberiti atakumaliza.

Lakini mtaji wa kuanza ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kondoo mmoja mzuri hutoa kilo tatu hivi za manyoya. Nunua ya huyo mmoja. Yaoshe, tafuta mama mmoja akusokotee, paka rangi tatu tu, uza kwa watu unaowajua. Utapata kama vitita 15, na utajua kama una moyo wa kazi hii bila kukopa shilingi ya mtu.

Wakati wa kunyoa ukifika, panda matatu ya Njabini, ushukie kwa mfugaji ambaye bado hajauza kondoo wake wa sufu. Nenda na mizani yako mwenyewe, ipimwe mbele yake. Chambueni manyoya pamoja, mkubaliane bei ya kila fungu. Kisha umlipe siku hiyo hiyo, kabla hajampigia simu mtu wa Dorper.